Mwaka wa Majiko Mawili

Hidaya amezikwa bila mimi kuwapo. Zaina, binti yake, alinipigia simu asubuhi nikiwa nachambua mchele barazani kwangu Andoany, kisiwani Nosy Be, akaniambia, "Mama ametutoka, da Echati. Tunamzika adhuhuri, wewe hutawahi, usijitaabishe." Nikajitaabisha. Nilivuka kwa boti mpaka Ankify, nikapanda gari la abiria lililoharibika mara mbili kabla ya kupita Ambanja, na nilipofika Majunga ilikuwa siku ya tatu, watu bado wamekaa matanga. Bajaji ikanishusha Mahabibo mbele ya mlango uliopakwa rangi ya kijani, na hapo miguu yangu ikagoma. Wanawake waliokuwa nje walidhani ni uzee. Mmoja akasema kwa Kibuki, hicho Kimalagasi cha pwani tunachosema wote huku, "Mshikeni dadi huyo, bibi wa watu ataanguka." Sikuwa naanguka. Nilikuwa natazama kizingiti ambacho kwa miaka arobaini na zaidi sikuwahi kukivuka, ingawa ni mimi niliyesababisha Hidaya akaishi nyuma yake. Wajukuu zangu walioko Unguja ndio walioniuliza habari hizi, kwa hiyo nazisimulia kwa Kiswahili nilichofundishwa chuo cha Kurani na Fundi Mkadara. Siku zile sisi wenyewe tulisemezana Kingazija nyumbani na Kibuki njiani. Shule ya serikali sikukanyaga. Lakini majina ya watu na walichosema, hayo hayajanitoka.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na mtoto mmoja mgongoni, Nuru, aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kusimama. Majunga ilikuwa imetukataa sisi Wangazija. Fujo zile sitazieleza. Aliyeziona hataki kuzisikia tena. Itoshe kuwa chumba tulichopanga kiliungua, na mume wangu Ali alipandishwa meli na wenzake kupelekwa Komoro wakati mimi na mtoto tumefichwa kwa majirani. Nilipotoka mafichoni meli ilikuwa imekwenda. Habari za Ali ni za siku nyingine. Nikabaki na mahali pamoja tu pa kukimbilia, nyumba ya marehemu mama yangu, Mariama, huko Nosy Be. Na hapa wajukuu zangu nieleweni. Kwetu nyumba ni ya mwanamke. Hutoka kwa mama ikaenda kwa binti, na mwanamume huingia humo kwa ndoa, akiwa na mto wake na msala wake. Tunaiita manyahuli. Haiuzwi wala haigawanywi, na kaka hana chumba ndani yake; kazi yake ni kuitetea. Basi mama alipougua, ndugu yake, Mjomba Sufiani, alihamia pale kumwuguza. Mama akafa, mjomba akabaki, akamleta mkewe Hidaya na binti yao Zaina "wakae kidogo, nyumba isilale peke yake." Na mimi kutoka Majunga nilituma salamu kwamba ni vyema. Kosa lilikuwa langu kabla ya kuwa lao.

Nyumba ile ndiyo hii ninayokaa hadi leo, ya mbao, mabati juu, vyumba viwili na ukumbi, na jiko la uani lililoezekwa majani. Siku za kuchemsha maua ya mlangilangi harufu huingia mpaka kwenye mtungi wa maji. Nilifika mchana. Mjomba alikuwa amekaa barazani kwenye kiti cha mama. Nikamwamkia "Kwezi, mjomba," kama tunavyowaamkia wakubwa, naye akajibu "Mbona," ndivyo inavyoitikiwa, akamtazama mtoto, macho yakamjaa machozi. Nasema hivyo ili msije mkadhani alikuwa mtu mbaya. Kisha Hidaya akatoka jikoni. Alikuwa mnene, mzuri, uso umepakwa liwa ya manjano, na alipotabasamu liwa ikapasuka mashavuni. Akasema, "Karibu mgeni." Nilidhani ni adabu. Akanitandikia mkeka wa wageni ukumbini, akaniletea sinia la mgeni: wali, samaki wa nazi, achari ya maembe machanga, na mwisho yale maji ya moto yanayochemshwa juu ya ukoko wa wali. Siku tatu nililishwa hivyo. Siku ya nne niliamka nikashika ufagio, Hidaya akanipokonya polepole, kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu. "Mgeni hafagii," alisema. Mlango wa chumba cha mama ulikuwa wazi nyuma yake, na juu ya kitanda cha mama niliziona nguo zake, Hidaya, zimekunjwa vizuri. Ndipo nilipoelewa kwamba naweza kulishwa kwenye sinia lile mpaka nizeeke na nyumba isiwe yangu tena.

Nilimwendea mjomba barazani. Nikamwambia, "Mjomba, nashukuru mmeilinda nyumba. Mimi nimerudi." Akasema, "Umerudi, mwanangu, na umekaribishwa." Nikasema, "Sikuja kukaribishwa. Nataka mnipishe." Akacheka kidogo, akaniuliza ampishe nani, yeye ambaye ni ndugu wa mama yangu, tumbo moja, titi moja? Akaniambia nyumba haina karatasi, na hata ingekuwa nayo nitampeleka nani mbele ya nani? Alikuwa na haki hapo. Mtu wa kuitetea nyumba ya mwanamke dhidi ya mnyang'anyi ni mjomba wake, na mnyang'anyi alikuwa mjomba. Wazee wa msikitini wangeniambia nisubiri. Na kwenda kwa wakubwa wa mtaa, sisi Wangazija wachache tuliobaki, tukaanikane mbele ya watu mwaka ule? Hata Hidaya asingenitakia aibu ile. Kwa hiyo nikashuka ufukweni nikaokota mawe matatu ya saizi moja, nikayabeba kwenye kanga, nikayapanga jikoni kando ya mafiga ya Hidaya, nikawasha moto wangu. Anayepika ndani ya nyumba si mgeni.

Hidaya akasimama mlangoni, mikono kiunoni. "Mwanamke wa mawe," akasema, "Majunga wamewafundisha kujenga?" Nikamjibu, "Kupika tu, mkazamjomba." "Basi pika. Tuone mawe yako yanakaa siku ngapi." Nilipokwenda kuteka maji na kurudi, palikuwa na mafiga mawili. La tatu alikuwa amelitumia kuzuia mlango wa banda la kuku. Nikaenda ufukweni nikaleta jingine. Kesho yake likapotea tena, nikaleta jingine. Ilichukua majuma. Jirani yetu Bi Tufaha, ambaye mwanawe Swalihi alikuwa amemposa Zaina, aliniona napita na mawe kila asubuhi akapaza sauti, "Echati, utaimaliza pwani!" Nasi tulicheka, hata Hidaya alicheka kutoka dirishani, kisha akaingia ndani kunifichia jiwe. Chakula tulipikiana kwa uchokozi. Nikipika kisamvu yeye anapika kisamvu chenye kamba. Akikaanga mhogo mimi nautia nazi. Mjomba alikula vyote viwili na kunenepa.

Lakini kicheko kile kilikuwa na siku zake. Harusi ya Zaina ilipangwa baada ya Ramadhani, na mjomba alikuwa ameshaanza kuipaka nyumba chokaa. Mnajua maana yake? Kwetu bwana harusi huingia nyumbani kwa bibi harusi. Anasindikizwa kwa ngoma, mji mzima unatazama ni mlango gani anaovuka, na mlango ule ndio mali ya mke kuanzia hapo. Swalihi akishavuka mlango wa mama yangu, nyumba ni ya Zaina, na hakuna mdomo utakaoirudisha. Zaina alikuwa na miaka kumi na saba, msichana mpole, akinisaidia kumwogesha Nuru. Aliniambia akisugua mtoto, bila kuniangalia, "Da Echati, mimi sikuiomba hii nyumba." Nikamwambia, "Najua." Sikumwambia zaidi, kwa kuwa sikuwa na zaidi.

Zaidi niliipata ukutani. Baada ya sala ya adhuhuri watu hulala, na mimi nililala ukumbini, mbao tu zikinitenga na chumba cha mama. Nikamsikia Hidaya anasema kwa sauti ya chini, "Kila nikichota maji namwona Mariama. Mtungi wake, kitanda chake. Nimeishi miaka hii kama mjakazi wa marehemu. Unajua ni aibu gani mwanamke kulala nyumbani kwa wifi yake?" Mjomba akajibu, "Nyumba yako iliungua, mke wangu. Unataka nikajenge juu ya majivu?" Kisha Hidaya, "Moto ulikuja baadaye. Bakari alinitolea vyombo nje nikiwa bado nimeshika mwiko. Kaka yangu mwenyewe." Nilibaki pale mkekani nimekodoa macho. Mpaka saa ile nilimwona Hidaya kama mwizi. Kumbe naye alikuwa na nyumba ya manyahuli huko Mahabibo, kaka yake Bakari akaikalia na mkewe, kama mjomba alivyoikalia yangu. Yeye kwa kukosa pa kukaa akaja akakaa juu yangu. Nilimwonea huruma, siwezi kukana. Ila huruma haikunipunguzia hata kidogo nilichokuwa nataka. Nilitaka nyumba yangu kabla ya Ramadhani. Nilichoacha siku ile ni kutaka kumtoa Hidaya. Nikaanza kutafuta mahali pa kumpeleka.

Nilimwuliza Zaina, tukifua, nyumba ya bibi yake ilikuwaje. Akaniambia ina mlango wa kijani, na jirani yao ni Mmalagasi msuka mikeka, Mama Zeli. Mimi niliyetoka katika moto ule nilijua kwamba mtaa haukuungua wote. Moto ulichagua. Baadhi ya nyumba zilisimama kwa sababu kuna mtu alisimama mbele yake. Kesho yake nikamwambia mjomba nakwenda Majunga kutafuta habari za Ali. Mjomba akaniambia nina wazimu. Hidaya alinifuata mpaka uani. Nikamtua Nuru mgongoni nikamkabidhi. Tulikuwa hatujaamkiana vizuri siku tano. Akampokea, akamweka kiunoni, akauliza, "Na mawe yako?" Nikasema, "Yaache yalivyo." Akasema, "Ukifa huko mimi simlei mtoto wa mtu," na huku anamfuta kamasi kwa ncha ya kanga yake.

Safari ile niliogopa tangu Ankify mpaka mwisho, sitajifanya jasiri. Dereva, Zafi wa Ambanja, aliniuliza kabila langu nikamwambia Msakalava, na kwa kuwa nilisema Kibuki kama wao hakuuliza tena. Majunga nilitembea nimejitanda uso mzima. Na nyumba ilikuwa pale. Mlango wa kijani umefifia, bati moja limeng'oka, na barazani mwanamke mwembamba anasuka mkeka kama yuko kwake. Huyo ndiye Mama Zeli. Nilipomwambia natoka kwa Hidaya aliacha ukindu ukaanguka. "Anaishi? Basi kwa nini hajaja?" Akanieleza: zile siku za fujo, Bakari na mkewe walikimbilia meli, naye Mama Zeli akabeba mkeka wake akaja kukaa kwenye baraza hili, akawaambia waliokuja na mienge kwamba nyumba ni yake, na wakitaka kuichoma waichome na yeye. Wakamtukana wakapita. Tangu hapo hakuondoka. "Nilimpelekea mumewe habari," akasema, "kwa mkono wa Madi seremala aliyehamia Nosy Be. Akanijibu kwa mtu yuleyule: ahsante, nimesikia." Nikakaa chini. Mjomba alijua. Mama Zeli akasema niingie ndani nione, nikakataa. Sikutaka kuwa mtu wa kwanza kuingia nyumba ya mwingine bila yeye. Mambo hayo yalikuwa yametosha kwetu. Nikamwomba aniletee kitu kimoja ambacho Hidaya hawezi kukikosea. Akaingia, akatoka na mbuzi ya kukunia nazi.

Mbuzi ile ilikuwa ya mti mzito, ikaniumiza mbavu njia nzima. Nilirudi Andoany wanakula, mjomba na Zaina ukumbini, Hidaya jikoni. Kitu cha kwanza nilichokiona ni mafiga yangu, yote matatu, na juu yake chungu kidogo cha uji wa mtoto. Nikaiweka mbuzi chini mbele ya Hidaya. Akainama, akapitisha kidole kwenye chuma mpaka kwenye pengo la jino moja. "Hili nililivunja mimi," akasema polepole. "Nilikuwa napasulia boga. Mama alinichapa." Akaibeba, akaingia nayo ukumbini, mimi nyuma yake. Nikasema, "Kwezi, mjomba. Mama Zeli anakusalimu. Anauliza kama ujumbe wake kwa Madi seremala ulikufikia." Mjomba alikuwa na tonge mkononi. Tonge likarudi sahanini. Hidaya akamwuliza jambo moja tu, "Tangu lini?" Akasema, "Mke wangu, kule wanaua watu. Nilikuwa nakulinda." Hidaya akamwambia, "Ulikuwa unanilinda mimi, au ulikuwa unalinda kiti cha baraza?" Zaina akaanza kulia. Leo, kwa umri huu, nadhani mjomba alisema nusu ya kweli. Aliogopa, na woga ukamfaa. Siku ile sikumpa hata nusu hiyo.

Hidaya alifunga vitu vyake kwa siku tatu. Hakuchukua hata kijiko cha mama yangu. Kanga moja ya mama iliyokuwa imechanganyika na zake aliifua, akaipiga pasi, akairudisha kitandani. Mimi nilimsaidia kukaza kamba, na nikiwa nakaza nilijua kwamba nampeleka mwanamke na binti yake kwenye mji ambao mimi niliukimbia na mtoto mgongoni. Niliijua hatari yake kuliko yeye. Nilikaza kamba hivyo hivyo. Nilimwambia mara moja, "Mkazamjomba, pale bado pana watu wabaya." Akanijibu, "Ni kwangu." Sikumwambia mara ya pili. Mpaka barua ya kwanza ilipokuja, iliyoandikwa na Zaina, kwamba wamefika, kwamba Mama Zeli amechinja kuku, niliwauliza wasafiri wote waliotoka Majunga. Kama wangedhurika, ningekuwa na nyumba hii na damu ndani yake, na bado sijui kama ningehama. Siku ya kuondoka Hidaya alisimama mlangoni kwangu, liwa usoni, mbuzi kwapani. "Mwanamke wa mawe," akasema, "umenitoa." Nikasema, "Umetoka mwenyewe." Akasema, "Basi usije kwangu mpaka nikuite." Nikasema, "Sitakuja."

Mjomba akabaki. Alidhani mkewe atarudi baada ya juma moja. Mimi sikubishana naye, sikumwinulia sauti. Nilihamia chumba cha mama, nikamtandikia yeye mkeka wa wageni ukumbini, na adhuhuri nikamletea barazani sinia la mgeni: wali, samaki wa nazi, achari, maji ya ukoko. "Karibu mgeni," nikamwambia. Alinitazama kama nimempiga. Kesho yake vivyo hivyo, na ya tatu. Bi Tufaha akipita aliuliza kwa sauti ya mji mzima, "Sufiani, siku hizi unalala kwa nani? Mkeo ana nyumba, tumesikia!" Wanaume msikitini wakamtania kwamba amekuwa mjane wa mke aliye hai. Siku ya nne alichukua ufagio afagie baraza. Nikamnyang'anya polepole. "Mgeni hafagii, mjomba." Alikaa siku nane. Ya tisa alitoka na mto wake na msala wake, kama mwanamume wa kwetu anavyopaswa kuingia na kutoka, akaniwekea mkono kichwani akasema, "Mama yako asingeweza haya." Mpaka leo sijui kama alinisifu. Zaina aliolewa Majunga, Swalihi akavuka mlango wa kijani, na mjomba akafia humo akiwa mtu mzima wa heshima.

Miaka yote ile Hidaya aliniletea salamu kwa wasafiri, mimi nikampelekea achari. Vitoto vya Zaina vilikuja kwangu likizo, vikala, vikavunja vyombo. Wala sikuitwa, wala sikwenda. Ndiyo maana nilisimama pale kwenye kizingiti, mwanamke wa miaka sabini na ushei, matanga yako ndani na mimi niko nje. Mwisho nikasema, "Hodi." Zaina akatoka, naye sasa ni bibi, uso wa mama yake mtupu. Akanishika mkono. Nikamwambia, "Mama yako aliniambia nisije mpaka aniite." Akasema, "Alikuita, da Echati. Kila Ramadhani alikuita. Ila aliita akiwa jikoni, na alitukataza tusikufikishie." Akanivusha. Ndani palikuwa na giza zuri la nyumba ya zamani, harufu ya udi, na pembeni ile mbuzi yenye pengo. Akanitandikia mkeka. "Alisema akija yule mwanamke wa mawe apewe sinia la mgeni," Zaina akaniambia akiniwekea wali, "na asiguse kitu."

Nikala. Wanawake walipomaliza kutandua majamvi, sakafu ilijaa makombo, na ufagio ulikuwa umeegemezwa ukutani, karibu kabisa na mkono wangu. Mkono ukaniwasha. Sikuugusa.